Mchungaji Eliot na Shule ya Roxbury

Wengi wetu twamfahamu John Eliot kwa Biblia aliyoitafsiri katika lugha ya wenyeji wa Massachusetts, iliyochapwa nzima mwaka 1663. Twasahau kwamba mwaka 1645 mchungaji huyo alianzisha pia shule. Wakazi wa Roxbury, karibu na Boston, walijifunga kwa maandishi kuichangia kila mwaka, ili vijana wao waandaliwe kulitumikia kanisa na jamii. Kilatini kilikuwa mlango wa kuingilia Harvard.

Shule hiyo ya kutwa, ya wavulana, ilihamia West Roxbury mwaka 1927. Si mali ya serikali, na hadi leo huandaa wanafunzi wa vyuo vikuu.

Wakristo wenyeji hawakupata ulinzi kama huo. Vita vilipozuka mwaka 1675, walihamishiwa kwa nguvu kisiwa cha Deer, na wengi walikufa kwa njaa na baridi. Eliot aliwatetea, lakini majirani wengi hawakumsikiliza.

Mwanzilishi alikuwa mmoja. Waliojifunga kwa ajili ya watoto wao hawakujifunga kwa ajili ya ndugu zao katika imani. Nasi tulio na shule za kanisa tujiulize: tumejifunga kwa ajili ya nani?