Reli ya Maili Saba na Stesheni ya Bububu

Reli iliyokomea Bububu, kijiji cha pwani ya magharibi ya Unguja kilichoko kaskazini mwa mji wa Zanzibar, ilikuwa na urefu wa maili 7, yaani takribani kilomita 11, na stesheni yake ilipokea abiria kwa muda usiofikia miongo miwili. Haikuwa reli ya kwanza kisiwani, kwa kuwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikwisha kutandika njia yake binafsi kutoka mjini hadi kasri la Chukwani, ambayo mabehewa yake yalivutwa na nyumbu kabla ya kuagizwa injini ya mvuke kutoka Uingereza. Alipofariki, njia hiyo iling'olewa.

Reli ya Bububu ilikuwa ya umma. Mwaka 1904 Serikali ya Zanzibar, iliyokuwa na Sultani wake lakini ikiongozwa na Waingereza, iliipa kampuni ya Arnold, Cheney & Co. ya New York, iliyojulikana zaidi kwa biashara ya pembe za ndovu, kibali cha kuijenga, na wakati wa ujenzi Ngome Kongwe ya mjini ikatumika kama bohari ya vifaa. Geji yake, yaani nafasi kati ya chuma kimoja cha reli na cha pili, ilikuwa futi 3, pungufu kidogo ya mita 1 iliyotumika katika reli ya Mombasa hadi Kisumu.

Tofauti iliyokuwa na uzito, hata hivyo, haikuwa ya geji. Reli za bara zilielekezwa kwenye maziwa makuu na mazao ya mbali, ilhali hii ilitegemea nauli ndogo za watu wa shamba waendao mjini, pamoja na wageni wa meli waliotengewa behewa la daraja la kwanza ili wakatazame mandhari ya kisiwa. Msingi huo ulikuwa dhaifu mno, kwani maili 7 ni mwendo ambao gari huumaliza bila taabu, na barabara nzuri ilipojengwa kuelekea upande uleule, abiria walihama.

Serikali, ambayo wakati huo ilikwisha kuinunua reli, ilisimamisha usafiri wa abiria mwaka 1922. Huo ulikuwa mwisho wa stesheni, si wa njia yenyewe: reli ziliendelea hadi 1928 kusomba mawe ya kujazia ufukwe katika ujenzi wa bandari, kazi isiyohitaji tiketi wala mahali pa kungojea.