Tulianza 62

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA wiki iliyopita: Atupele, aliyechaguliwa na wenzake kuandika risala ya wahitimu wa kidato cha sita, amerudishiwa rasimu na mwalimu wa taaluma. Madamu amekata mstari mmoja tu kwa kalamu nyekundu, ule usemao "mmoja wetu hatunaye", yaani Sikudhani, na pembeni ameandika neno moja: utoro. Mahafali ni kesho, Jumamosi ya tarehe 20 Juni 2020.

SASA ENDELEA...

"Hebu soma tena," mwenzake Kabula alisema.

Atupele akaisogeza karatasi karibu na taa. "Mheshimiwa mgeni rasmi, tulianza kidato cha tano mwezi Julai 2018 tukiwa wanafunzi 62. Leo tunahitimu 61. Mwenzetu mmoja aliacha masomo kutokana na utoro."

Bwalo lote likanyamaza. Walikuwa wamekaa mbalimbali, kila mtu na benchi lake, barakoa za kitenge zimeshushwa kidevuni. Tangu warudi shule tarehe 1 Juni hata prepo ilikuwa na masharti: nawa kwanza kwenye ndoo ya mlangoni, kaa mbali na mwenzako, ukikohoa toka nje. Na Njombe mwezi wa Juni, nani hakohoi?

"Sikudhani si mtoro," mtu akasema kutoka nyuma.

"Kwani mimi nimesema ni mtoro?" Atupele akajibu. "Nimeandikiwa."

Asiyewahi kulala bweni huenda asielewe kwa nini neno moja liwakeshe watu 61. Kila risala ya wahitimu nchini ina mstari huo wa hesabu: tulianza wangapi, tunamaliza wangapi. Husomwa upesi, mgeni rasmi akitupia jicho saa yake, kisha yanafuata yale yanayosikilizwa, gari la shule, uzio, vitabu vya maktaba. Lakini katika mstari ule ndimo wanamoishia watoto wa watu. Mmoja alihama, mmoja aliugua, mmoja "utoro", na makofi yanapigwa.

Sikudhani hakuwa wa kupigiwa makofi ya namna hiyo.

Alifika Julai 2018 kutoka Lindi, safari ya Masasi, Tunduru na Songea, akashuka stendi ya Njombe saa mbili usiku na kila kilichoandikwa kwenye fomu ya kujiunga: tranka, ndoo, godoro, jembe lenye mpini, fyekeo, fagio la chelewa. Kilichokosekana ni sweta. Ilikuwa imeandikwa pia, ila kwao Lindi ukiulizia sweta dukani unaulizwa kama unaumwa homa. Alikuwa na kandambili miguuni na khanga moja mabegani, meno yanagongana hata salamu haitoki.

Atupele, mtoto wa Tukuyu, baridi alizaliwa nayo. Alimvua yule mgeni khanga iliyolowa umande, akamvisha sweta yake ya pili, na wiki nzima ya kwanza wakalala kitanda kimoja, mablanketi mawili juu yao. Matroni alipowakuta hakusema kitu. Aliwaletea la tatu.

Wote walikuwa njuka, wote walitungiwa majina, wote walilia kwa siri chooni. Kabula wa Shinyanga alikuwa analilia michembe ya kwao. Sikudhani ndiye aliyefungua tranka usiku wa pili, akatoa mfuko wa korosho zilizobanguliwa na mama yake, akazipitisha kitanda hadi kitanda, mkono mmoja kila mtu, hadi mfuko ukaisha na mwenyewe hajala hata punje. Kuanzia usiku ule lile bweni likawa na wenyewe.

Halafu kulikuwa na Kiswahili. Kati ya watu 62 waliochukua HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, zaidi ya nusu waliichukua kwa sababu ndiyo waliyopangiwa. Ushairi uliwatoa jasho. Sikudhani aliwakalisha nyuma ya bweni Jumapili mchana, nguo zikiwa zinakauka kwenye kamba, akaigeuza ndoo kichwa chini na kuanza kuigonga kwa kidole: mizani nane, pumzika, mizani nane, kina. "Msihesabu kwa macho," aliwaambia. "Sikilizeni. Sikio lenu litakataa lenyewe." Kwenye moko ya kidato cha sita walioanguka Kiswahili hawakuwapo. Yeye aliongoza.

Na deni lake wote walilijua. Ada ya bweni wakati ule ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, na michango juu yake. Kidato cha tano muhula wa pili jina lake lilisomwa mstarini mara mbili, na mara ya tatu halikusomwa. Darasa lilikuwa limechanga, wengine mia tano, wengine elfu mbili ya nauli ya likizo. Hakuambiwa, ila alijua. Asubuhi moja kila aliyeamka alikuta ndoo yake imeshajazwa maji ya bomba, ndoo sitini na moja, na Sikudhani amesimama jikoni anaota moto wa kuni, mikono imevimba kwa baridi.

"Mtu wa namna hiyo," Kabula alisema, "mnamwandika utoro?"

"Basi tuandike nini?" Atupele alikuwa amechoka. "Alikwenda kwao Machi kama sisi sote. Shule zikafunguliwa, sisi tumerudi, yeye hajarudi. Wiki ya tatu hii. Mwenye neno lingine aniambie."

Hakuna aliyejibu. Tarehe 17 Machi, Waziri Mkuu alipotangaza kwamba shule zinafungwa kwa siku 30, waliona kama likizo ndogo. Sikudhani aliliacha tranka lake chini ya kitanda. "Mwezi mmoja tu," alisema pale stendi, akipanda basi la Songea. Siku 30 zikaongezwa. Wenye simu wakatumiana madesa, wenye televisheni wakafuata vipindi. Sikudhani hakuwa na simu wala umeme. Tranka lilikuwa lingali pale usiku ule, kufuli limeanza kushika kutu.

Kabula akavuta pumzi. "Alinipigia."

Vichwa vyote vikageuka.

"Aprili. Aliazima simu ya mwenye duka, dakika haikufika. Aliniapisha nisiseme." Sauti ilianza kumkwama. "Alisema: Kabula, nikirudi watanipima."

Hapakuwa na haja ya kueleza. Wote walipimwa asubuhi ya tarehe 1 Juni, kikombe cha plastiki mkononi, foleni nje ya chumba cha matroni, kama ilivyokuwa kila muhula ulipofunguliwa. Kwa utaratibu wa wakati ule msichana aliyepata ujauzito aliondoka shule ya serikali moja kwa moja, hata kama mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki siku kumi. Mlango wa kurudi masomoni ulikuja kufunguliwa Novemba 2021. Kwa darasa hili ulikuwa ungali umefungwa.

"Basi nitasema hivyo hivyo," Atupele akasema, akasimama. "Kesho, mbele ya afisa elimu. Nitasema hakutoroka. Nitasema aliogopa, na nitasema alichokiogopa."

"Utakaa chini, Atupele."

Madamu alikuwa mlangoni. Hawakujua amesimama pale tangu lini. Aliingia bila kunawa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akavuta benchi akakaa mbele yao.

"Shikamoo, Madamu," wakamwamkia kwa uzito.

"Marahaba. Nipe hiyo karatasi." Akaitazama kalamu yake mwenyewe, nyekundu, pembeni ya mstari. "Mmenichukia kwa neno hili, eh? Nimewasikia. Sasa na ninyi nisikilizeni. Jina la mwenzenu liko Baraza la Mitihani. Namba yake ipo. Tarehe 29 dawati lake litabandikwa namba kama yako, Kabula, na kama yako, Atupele. Mtoro akitokea asubuhi ya mtihani, anaulizwa alikuwa wapi, anapewa karatasi, anaandika. Yule mwingine mnayetaka kumtangaza kesho kwa kipaza sauti, hata getini hafiki."

Atupele akafungua mdomo, akaufunga.

"Utoro unasameheka," Madamu akasema. "Hilo lingine, kwa sasa, halisameheki. Mimi nilimtafutia neno linalosameheka."

Kabula aliweka uso mezani akalia. Madamu alimwacha alie. Alikuwa anakunja karatasi kwa uangalifu, mara mbili, mara tatu, na mikono yake haikuwa imetulia.

"Madamu," Atupele akauliza polepole, "kwani unajua yuko wapi?"

Kabla hajajibu, hodi ikapigwa. Alikuwa mlinzi, yule mzee wanayemwita Babu, koti limefungwa shingoni kwa kamba, anahema kama aliyepanda kilima mbio.

"Mwalimu, samahani. Kuna binti getini. Ameshuka kwenye lori la mahindi lililotoka Songea. Nimemwambia shule haipokei wageni, kuna korona. Anasema yeye si mgeni. Ananitajia namba ya mtihani, anairudia tu, kama aliyekariri njia nzima."

Mabenchi 61 yaliburuzwa kwa pamoja.

"Kaeni!" Madamu alikuwa tayari amesimama. "Babu, mfiche kwenye kibanda chako. Mara moja. Mtu asimwone."

Mzee hakuondoka. Alivua kofia.

"Hayuko peke yake, Mwalimu."

"Yuko na nani?"

"Mkuu wa shule naye ameniuliza hivyo hivyo. Nimekutana naye njiani nikija huku, ana tochi. Sasa hivi ameshafika getini."

ITAENDELEA

Je, ni nani aliyeshuka na Sikudhani kwenye lori lile, na Madamu atamwambia nini mkuu wa shule? Usikose sehemu ya nne Jumamosi ijayo.