Same na Hesabu ya Mbiru

Abiria wengi wa njia ya Arusha huijua Same kupitia dirisha la basi: vumbi, upepo, na safu ya milima upande wa mashariki. Safari hii nilishuka, nikapanda hadi Mamba, kwenye kahawa na tangawizi. Huko juu nilisimama kando ya ndiva, bwawa la jadi linalokusanya maji ya kijito ili yagawanywe mashambani kwa zamu. Kila mwenye shamba anaijua zamu yake, na ya jirani pia.

Ndipo nilipouelewa vyema zaidi mwaka 1945. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzisha Upareni kodi iliyoitwa mbiru, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Kwenye karatasi ilionekana ya haki: tajiri atoe zaidi. Lakini nani alikadiria, na kwa kipimo gani? Maelfu ya wanaume waliteremka milimani wakapiga kambi hapa Same, makao makuu ya wilaya. Hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa radhi kulipa ile ya zamani, yenye kiwango kimoja kinachojulikana. Wanafunzi wangu hulisahau jambo hili kila mwaka, huandika tu kwamba "Wapare walipinga kodi".

Mgomo ulipoendelea, wanawake nao wakaandamana. Madai yao kwa mkuu wa wilaya yangali yanachekesha na kutisha: ama amalize mgogoro waume zao warudi nyumbani, ama awape mimba yeye mwenyewe. Hatimaye mbiru ikaondolewa.

Hayati Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hiyo hiyo, alilichapisha simulizi hili mwaka 1971 katika kijitabu kiitwacho *Mbiru*. Ni kifupi, na ningependa kila mtumishi wa umma anayekadiria kodi akisome kabla hajaingia dukani mwa mtu. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024, baadhi yetu tulikimbilia kuwaita wakwepa kodi. Wapo wakwepaji, bila shaka. Lakini miongoni mwa malalamiko yao yalikuwamo makadirio yasiyoeleweka, na swali hilo Same ililisikia likiulizwa na watu waliolala nje ya boma.