Upasuaji wa kutenganisha pacha walioungana na safari ya rufaa kutoka Mara

Pacha walioungana ni watoto wa yai moja ambao kiinitete chao hakikugawanyika kikamilifu, hali inayotokea takribani wiki mbili baada ya kutungwa mimba. Hutokea mara chache: makadirio ya kitaalamu ni kati ya uzazi mmoja katika kila 50,000 na mmoja katika kila 200,000. Hali hii haisababishwi na laana, ushirikina wala kosa la mama.

Wengi huungana kifuani au tumboni. Wengine kwenye nyonga, mwisho wa uti wa mgongo au kichwani. Kinachoamua kama watatenganishwa ni viungo wanavyochangia. Ini linaweza kugawanywa, kwa kuwa hukua tena. Moyo mmoja unaotumiwa na watoto wawili kwa kawaida hufanya upasuaji usiwezekane.

Kwa mama aliyeko Butiama au Bunda, safari huanza katika zahanati au kituo cha afya. Kipimo cha ultrasaundi kinaweza kuonesha muungano huo kuanzia mwishoni mwa miezi mitatu ya kwanza, na Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apimwe angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Hali ikigundulika mapema, mama hupewa rufaa kupitia hospitali ya wilaya hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Kwangwa, Musoma, kisha Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza, na hatimaye Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Hatua hiyo humwezesha kujifungua kwa upasuaji mahali penye wataalamu wa watoto wachanga, badala ya kukwama katika uchungu mbali na huduma.

Baada ya kuzaliwa, watoto hawatenganishwi kwa haraka, isipokuwa pale uhai unapokuwa hatarini. Kwa kawaida madaktari husubiri miezi kadhaa ili wakue, wapigwe picha za ndani ya mwili, na ngozi yao itanuliwe iweze kufunika majeraha. Siku ya upasuaji huwapo timu mbili za dawa ya usingizi, moja kwa kila mtoto, pamoja na mabingwa wa upasuaji wa watoto, mifupa, mishipa ya fahamu na njia ya mkojo, kutegemea eneo la muungano.

Watoto wa Kitanzania wamewahi kutenganishwa nje ya nchi: Chennai, India, mwaka 2013, na Riyadh, Saudi Arabia, Desemba 2018 na Oktoba 2023. Julai 2022 upasuaji wa aina hiyo ulifanyika Muhimbili, wataalamu wa ndani wakishirikiana na wenzao kutoka nje. Nchini Kenya, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilitenganisha pacha mwaka 2016 katika upasuaji uliochukua saa 23.

Hata hivyo, kutenganisha si jibu kwa kila familia. Maria na Consolata Mwakikuti, waliozaliwa Makete mwaka 1996, waliishi pamoja bila kutenganishwa, wakasoma hadi kidato cha sita na kujiunga na chuo kikuu mkoani Iringa, kabla ya kufariki dunia siku moja, Juni 2, 2018. Maisha yao yaliithibitishia jamii kuwa watoto wa namna hiyo ni watu wawili, wenye haki ya elimu, matibabu na heshima.

Kwa sababu hiyo, wazazi wanapaswa kuelezwa bayana faida na hatari zote kabla ya kuridhia upasuaji, ikiwemo uwezekano wa kumpoteza mtoto mmoja au wote wawili. Wajawazito wanahimizwa kuanza kliniki mapema, ndani ya wiki 12 za kwanza, na familia zinaaswa kutowaficha watoto nyumbani. Mtoto anayefichwa hukosa chanjo, uchunguzi na rufaa, na muda unaopotea hivyo ndio ambao madaktari wangeutumia kumwandaa kwa matibabu.