Kinanda chenye vitufe vya taipureta

Jumamosi moja nilikuwa Mji wa Kale, Mombasa, nikipekuapekua kwa mzee anayeuza redio mbovu na pasi za makaa. Chini ya rundo nikaona kisanduku chembamba cha mbao, nyuzi zimeshika kutu, juu yake vitufe vya duara kama vya taipureta.

“Mzee, hii nayo ni nini?”

“Kinanda hicho, mwanangu. Zamani kikipigwa harusini.”

Nikalipa, nikaondoka nacho kwapani.

Kumbe ni taishokoto. Ilibuniwa na Goro Morita mjini Nagoya, Japani, mwaka 1912, mwaka ambao enzi ya Taisho ilianza. Ndiyo asili ya jina. “Koto” ni ala ya kale ya Kijapani, ndefu, yenye nyuzi 13. Morita alichukua wazo la nyuzi akalifunga kwenye vitufe vya mashine.

Inafanyaje kazi? Mkono wa kulia unapiga nyuzi, wa kushoto unabonyeza kitufe. Kitufe kinaukandamiza uzi juu ya kijiti cha chuma, na sehemu inayotetema inakuwa fupi. Uzi ukifupishwa nusu, mitetemo kwa sekunde huwa maradufu: hiyo ni oktava. Oktava hugawanywa hatua 12, na kila hatua huzidisha mitetemo kwa takriban 1.059. Kwa hiyo kwenye uzi wa sentimita 50, hatua ya kwanza hubakiza sentimita 47.2, ya 12 hubakiza 25. Ndiyo maana vyuma vinazidi kukaribiana kadiri sauti inavyopanda.

Ala hii ilisafiri. India ikaitwa bulbul tarang, Baluchistan ikakuzwa ikawa benju, na Mombasa ikaingia kwenye taarab. Utaisikia katika nyimbo za Zuhura Swaleh. Lakini hapo pana kikwazo. Baadhi ya maqamu za Kiarabu zina sauti za robo, zinazoangukia katikati ya vitufe viwili. Mpiga udi au fidla anasogeza kidole tu. Mpiga taishokoto anabaki na maqamu kama Nahawandi, ambayo haihitaji robo hizo.

Nilikuwa tayari nimenunua msasa na vanishi ili king'ae. Nilipofuta vumbi, nikakuta vitufe vyenye namba 1 hadi 7, na vitatu kati yake vimetiwa doa la rangi nyekundu kwa mkono. Kuna mtu alikuwa akijikumbusha mahali pa kuweka vidole.

Nikarudi kwa mzee kuuliza kilitoka nyumba gani. Akasema alikipata ndani ya kabati alilonunua, hakuuliza ya nani.

Basi, madoa hayo ndiyo ushahidi pekee uliobaki wa aliyekipiga. Msasa nimeuweka kando. Nimebadilisha nyuzi tu, na zile za zamani nimezihifadhi kwenye bahasha. Nawe ukiokota kitu cha namna hii, kabla hujakisafisha, kipige picha kwanza.