Anga la Grand Central lililochorwa kinyume

Mgeni akiingia ukumbi mkuu wa kituo cha treni cha Grand Central, New York, huinua macho kabla hata hajaitafuta treni yake. Juu, mita 38 hivi kutoka sakafuni, dari lote ni anga la usiku: buluu inayokaribia kijani, buruji kuanzia Dalu hadi Saratani, na nyota takriban 2,500 za dhahabu. Nyota 60 hivi huwaka kwa taa.

Wazo lilitokana na msanifu majengo Whitney Warren na rafiki yake Paul Helleu, Mfaransa aliyesifika kwa kuchora wanawake wa tabaka la juu. Harold Jacoby, mwanafalaki wa Chuo Kikuu cha Columbia, alitoa ramani ya nyota, nao mafundi wa James Monroe Hewlett na Charles Basing wakashika brashi. Kituo kilifunguliwa Februari 1913. Haukupita muda mrefu, abiria mmoja kutoka New Rochelle, mjuzi wa nyota, akabaini kwamba mashariki na magharibi zimebadilishana nafasi.

Inaaminiwa kuwa ramani ilitandazwa chini ikanakiliwa hivyo hivyo, wakati ilitakiwa kuinuliwa juu ya kichwa. Wapo waliotetea mchoro kwa kusema anga limeonyeshwa kama Mungu alionavyo kutoka nje. Utetezi huo si wa kupuuza, maana matufe ya kale ya nyota yalichorwa hivyo. Ila mwindaji Orion anauangusha. Yeye hakugeuzwa, ilhali buruji za Ng'ombe na Mapacha zilizo kando yake zimegeuzwa, hata Ng'ombe akaangukia upande uliopaswa kuwa wa Mapacha. Ingekuwa kusudi, wote wangegeuka pamoja.

Baadaye paa lilivuja, rangi ikaharibika. Mwaka 1944 na 1945 mchoro wa Helleu ulifunikwa kwa vibao vya saruji yenye asbesto, likachorwa anga jipya juu yake. Hapo ndipo penye uzito wa historia hii. Kosa lilikuwa limeshajulikana kwa miaka 30, na dari lilikuwa jeupe likisubiri brashi. Hata hivyo anga lilirudishwa kinyume vilevile. Naona walifanya sawa. Watu wa New York walikuwa wameshalizoea anga lao, na hakuna nahodha aliyelitegemea kuvukia bahari. Nisichokubaliana nacho ni vile vibao: vilificha kazi yenye ustadi zaidi kuliko iliyochukua nafasi yake.

Usafishaji mkubwa wa miaka ya 1990, uliokamilika 1998, uliondoa masizi yaliyokuwa yameligeuza anga karibu jeusi. Kando ya Saratani mafundi waliacha kipande kidogo bila kukisugua, ili watu waone dari lilikuwa limefikia wapi. Vibao havikuondolewa, kwa hiyo anga wanalopigia picha wasafiri leo ni lile la 1945.