Hekalu: nyumba kubwa

Waumini wa Kirungu, nchini Kongo, hulisikia neno hekalu kila yanaposomwa masomo yanayotaja Yerusalemu. Limetufikia kwa Kiarabu, haykal, lakini asili yake ni Mesopotamia ya kale: e-gal ya Wasumeri, yaani nyumba kubwa. Neno farao nalo, per-aa kwa Kimisri cha kale, lina maana hiyo hiyo. Lilikuwa jina la ikulu kabla ya kuwa la mfalme.

Kanisa nalo limetoka Kiaramu, kwa maana ya mkusanyiko. Hapa Kirungu, alipopewa upadre Stefano Kaoze mwaka 1917, Mkongo wa kwanza kuwa padre katika koloni la Ubelgiji, milango hufunguliwa ili watu wajae ndani. Katika mahekalu ya Misri ya kale haikuwa hivyo. Watu wa kawaida waliishia uani. Hekalu la Karnak lina ukumbi wa nguzo 134, na humo waliingia makuhani. Katika mahekalu mengi, kadiri unavyosonga ndani sakafu hupanda, dari hushuka, mwanga hufifia, hadi chumba chembamba cha sanamu ya mungu.

Basi tusiyachanganye maneno haya mawili. Hekalu hujengewa mungu akae. Kanisa hujengewa watu wakutane.